Kalamu, Jina na Riziki ya Halali

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Majengo, Nyeri, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhani)



Ndugu zangu vijana, dada zetu, wazee wetu mlioketi pamoja nasi, na wewe ndugu msomaji utakayeisoma mada hii nyumbani ukingoja adhana ya Magharibi: namshukuru Allah (s.w.t.) kwa kutukutanisha. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya uandishi wa kujitegemea kupitia intaneti. Nitasema kwa lugha yetu ya kila siku, na nikiingiza maneno ya mtaani mtanisamehe, manake mada yenyewe ni ya mtaani.

Hapa Majengo tuna vijana wengi waliomaliza shule, vyeti vimo kwenye bahasha chini ya godoro. Asubuhi wanatoka kwenda Ruring'u, Skuta na King'ong'o kutafuta kibarua, jioni wanarudi mikono mitupu. Na simu iko mfukoni, na kila siku kuna mtu anawaambia, "Pesa ziko mtandaoni bwana, wewe andika tu." Je, ni kweli? Ndiyo, ni kweli. Lakini ni pesa za nani, unazipata kwa kufanya nini, na baada ya miaka mitano zitakuwa zimekuachia nini? Hayo matatu ndiyo ninayotaka tuyaangalie leo.

INTANETI ILIVYOTUFIKIA

Wakubwa hapa wanakumbuka enzi za saiba, unalipa kwa dakika na ukurasa mmoja unafunguka ukiwa umeshasinzia. Mwaka 2007 M-Pesa ikaanza. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa, na kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea setilaiti, ghali na polepole. Mwaka 2018 ikawezekana kuhamisha pesa kutoka PayPal hadi M-Pesa. Yaani kijana wa Nyeri leo anaweza kuandika hapa, kazi ikasomwa Toronto, na malipo akayachukua kwa wakala wa M-Pesa pale nje. Babu zetu walioingia bara na misafara, wengine askari, wengine wapagazi, wengine wachuuzi, walitembea kwa miguu kulifikia soko. Wewe soko limekufuata mpaka kitandani.

Mwaka 2016 serikali nayo ilianzisha mpango wa Ajira Digital, kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni bila malipo. Kwa hiyo mtu akikuambia umlipe maelfu ndipo akufundishe "siri" ya kazi hizi, kwanza muulize siri gani hiyo.

"NAFANYA ONLAINI"

Sasa tuseme wazi. Kwa miaka mingi, kijana wa Kenya akikuambia "nafanya onlaini," mara nyingi maana yake ni kwamba anawaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Kazi inakwenda hivi: mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, Uingereza au Australia anapewa insha na mwalimu wake. Hataki kuiandika. Analipa kampuni. Kampuni inaitupa kazi kwa mwenye akaunti, na mwenye akaunti mara nyingi anaigawa tena kwa kijana wa chini yake, ambaye anakesha kuiandika kwa sehemu ndogo ya zile pesa. Asubuhi mwanafunzi anaweka jina lake juu ya karatasi na kuipeleka kwa mwalimu.

Jambo hili si siri tena. Gazeti la New York Times liliandika habari za waandishi wa Kenya mwaka 2019. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya hali halisi ya The Shadow Scholars, yaani wasomi wa kivulini, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenyewe mzaliwa wa Kenya, anawafuatilia vijana hawa.

Mimi sikuja hapa kumhukumu mtu. Kijana anayefanya kazi ile pengine analipa kodi ya nyumba ya mamake na karo ya mdogo wake. Na tukubali jambo moja: mtu anayeweza kuandika leo insha ya uuguzi, kesho ya sheria, keshokutwa ya uhasibu, na zote zikapita kwenye vyuo vikubwa vya dunia, huyo ana kichwa. Akili iko, na bidii iko.

Lakini hebu tuipime kazi yenyewe kwa mizani tunayoijua. Mnakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu. Mwenye mali alijitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile mbichi juu, watu waione, na akaonywa vikali juu ya udanganyifu. Sasa insha ya kununuliwa ni rundo lile lile. Juu limeandikwa jina la mwanafunzi, chini yake ni kazi ya mtu mwingine. Chukua ile insha ya uuguzi. Aliyeinunua atahitimu, atavaa sare nyeupe, na siku moja atasimama mbele ya mgonjwa asijue kiasi cha dawa. Mgonjwa yule hakuwepo wakati wa biashara, lakini ndiye atakayelipa.

Mwenzangu anaweza kusema, "Ustadh, tumbo halina mizani." Haya, tuiangalie kama biashara tupu. Australia ilipitisha sheria dhidi ya huduma hizi mwaka 2020. England nayo mwaka 2022 ikafanya kuwa ni kosa kuuza insha kwa wanafunzi. Novemba 2022 ikaja ChatGPT, programu ya akili bandia, na mwanafunzi mvivu akapata wa kumwandikia bure usiku wa manane. Kazi zilizokuwa zikimiminika zikaanza kudondoka moja moja. Vijana waliokuwa wameandika miaka minane, miaka kumi, wakatoka kutafuta kazi nyingine ya kalamu. Wakaulizwa: tuonyeshe ulichoandika. Wangeonyesha nini? Maelfu ya kurasa, na hakuna hata moja yenye jina lao.

Hapo ndipo penye uzito wa mada yangu. Mwandishi wa kujitegemea hana duka, hana kiwanda, hana shamba. Mtaji wake ni jina. Kila kazi anayoifanya kwa jina lake ni tofali juu ya tofali. Kila anayoifanya kwa jina la mwingine, tofali amelipanga kwenye ukuta wa jirani.

Na vivyo hivyo kuhusu akaunti za kununua na kukodi, kijana wa Majengo kujiita jina la Kizungu na kudai anakaa Texas. Wenye mitandao wanakataza, na wakikugundua wanafunga, na pesa zilizomo zinabaki humo humo. Hata akaunti halali si mali yako. Mwezi Machi 2024 mtandao wa Remotasks ulijiondoa Kenya ghafla, na watu walioutegemea peke yake wakaamka hawana kazi. Usiweke mayai yako yote katika kapu la mtu mwingine.

WALIOANDIKA KUTOKA HAPA HAPA

Msidhani kuuza maandishi ya Nyeri kwa walimwengu ni jambo la jana. Wale waliofika hoteli ya Outspan wanakijua kijumba cha Paxtu, alikokaa Baden-Powell wa maskauti mpaka alipofariki mwaka 1941. Baadaye akakaa humo Jim Corbett, mwindaji wa chui-milia waliokuwa wakila watu kule India. Alihamia Nyeri mwaka 1947, akiwa mzee, na kutoka mji huu alikuwa akipeleka miswada kwa Oxford University Press: My India mwaka 1952, Jungle Lore mwaka 1953, na vingine mpaka alipofariki mwaka 1955. Hakuandika juu ya asichokijua. Aliandika juu ya msitu, wanyama na wanavijiji alioishi nao, na watu wa mabara mengine wakanunua.

Mtaniambia, yule alikuwa mzungu mwenye nafasi yake. Sawa. Basi nendeni Karatina, safari ya matatu moja tu. Pale alikuwepo Gakaara wa Wanjaũ, mwana wa Nyeri, aliyetiwa kizuizini na wakoloni kuanzia mwaka 1952 mpaka 1959, na kalamu yake ilikuwa miongoni mwa sababu. Akiwa ndani aliandika kumbukumbu zake kwa siri. Alipotoka akajenga kiwanda chake cha uchapishaji, akaandika na kuchapisha kwa Kikuyu, lugha ambayo wengi waliona haiwezi kulisha mtu. Kitabu cha zile kumbukumbu kilitoka mwaka 1983, na mwaka 1984 kikapata tuzo ya Noma ya uchapishaji Afrika. Alifariki mwaka 2001, na jina lake lipo mpaka leo.

Watu wawili hawa hawakufanana kwa lolote, lakini wote waliandika walichokijua, na juu ya jalada wakaweka majina yao.

UTAANZAJE?

Kwanza, chagua uwanja wako. Usijitangaze kuwa waandika kila kitu, manake anayeandika kila kitu hakumbukwi kwa chochote. Tazama ulichonacho. Umekulia Nyeri, unajua kahawa inavyochumwa, inavyopelekwa kiwandani, inavyooshwa na kuanikwa. Kuna makampuni ya ng'ambo yanayouza kahawa ya Nyeri kwa bei ya juu na yanataka mtu wa kuyaeleza hayo. Mwingine amesoma kilimo, mwingine ufundi wa magari, mwingine anajua mapishi ya kwetu. Ulichokizoea wewe, mwingine ana kiu ya kukijua.

Na msisahau hazina hii: lugha. Sisi tumezaliwa ndani ya Kiswahili katikati ya mji wa Wakikuyu. Wengi wetu tuna lugha tatu: Kiswahili cha nyumbani, Kikuyu cha sokoni, Kiingereza cha shuleni. Kiswahili si lugha ya kudharauliwa tena. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Kuna kazi ya kutafsiri, kuhariri, kuandika maneno yanayopita chini ya filamu, kuandaa taarifa za afya na za benki. Watafsiri wana soko lao mtandaoni, kama ProZ, lililoanza mwaka 1999. Shirika la Translators without Borders lilifungua kituo cha mafunzo Nairobi mwaka 2012, na kazi ya kujitolea kwenye mashirika kama hayo ni njia ya kupata sampuli na sifa. Lakini jamani, kuzaliwa Mswahili hakutoshi. Soma magazeti, soma vitabu, uwe na kamusi karibu. Kiswahili cha kibarazani ni kitamu, ila mteja analipia Kiswahili sanifu.

Pili, andika sampuli tatu kabla hujamtafuta mteja. Moja fupi ya maneno 500, moja ndefu ya 1,000, moja ya tafsiri. Mpe mtu mkali azisome, si rafiki atakayekusifu tu. Rekebisha, kisha rekebisha tena.

Tatu, uwe na mahali pamoja mtandaoni pa kukupata kwa jina lako kamili. Wengine wanatumia LinkedIn, wengine ukurasa wao wenyewe. Weka mambo manne tu: wewe ni nani, unaandika nini, sampuli zako, na baruapepe. Baruapepe iwe ya jina lako, si ile ya "mtoto mtamu wa Majengo" uliyoifungua kidato cha pili. Na mkumbuke kwamba mteja akipewa jina lako atalitafuta. Akikuta matusi na ugomvi wa siasa uliouandika usiku, biashara imekwisha kabla ya salamu. Dada zetu mnaopenda kulinda faragha zenu, picha si lazima. Kazi nzuri na jina vinatosha.

Nne, mteja wa kwanza hayuko Chicago, yuko Skuta. Hoteli, shule ya binafsi, sako, duka la vifaa vya ujenzi, wote wana matangazo na barua zilizojaa makosa. Nenda umwambie mwenyewe kwa adabu: "Mzee, nimeona tangazo lako, nimeliandika upya, hili hapa." Akilipa shilingi mia tano, umepata mteja na umepata shahidi. Ukiwa na mashahidi watatu ndipo uingie kwenye mitandao mikubwa kama Upwork na Fiverr. Unapoomba kazi kule, usinakili barua moja ukawatumia watu hamsini. Soma mtu anataka nini, umjibu yeye, kwa mistari michache, umwonyeshe sampuli inayofanana na kazi yake. Wengi hawatakujibu. Usikasirike, andikia mwingine.

Tano, jua bei yako. Piga hesabu na mimi. Umekubali kuandika maneno 1,000 kwa shilingi 1,000. Saa tatu kutafiti, nne kuandika, mbili kurekebisha: saa tisa. Mtandao kama Fiverr unakata asilimia 20, umebaki na 800. Gawa kwa tisa, hufikii hata shilingi 90 kwa saa, na hapo hujatoa bando na stima. Kwa kujifunza, miezi miwili mitatu, si vibaya. Kama ndiyo maisha, huo ni utumwa uliojitia mwenyewe. Kila ukimaliza kazi kadhaa nzuri, pandisha kidogo.

Sita, mapatano yaandikwe. Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii vita wala hija. Inazungumzia watu wanaokopeshana kwa muda maalumu: waandike, awepo mwandishi muadilifu, wawepo mashahidi, wala wasichoke kuandika deni liwe dogo au kubwa. Na mteja aliyechukua kazi yako hajakulipa, je, si mdeni wako? Basi hata kwa baruapepe, andikeni: maneno mangapi, lini, bei gani, marekebisho mara ngapi, malipo siku gani, na kazi itatoka kwa jina la nani. Kwa mteja mgeni omba nusu mbele. Mjue pia kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa hakimiliki yake humwendea aliyeiagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Ukitaka ruhusa ya kuionyesha kama sampuli, iseme mapema.

Hapa kuna anayeuliza, je, kumwandikia mtu hotuba au tangazo litakalotoka kwa jina lake si yale yale? La. Mwenye duka akitoa tangazo, hakuna anayedanganywa kuwa alifanya mtihani. Mnunuzi anapima sukari, hapimi insha. Swali la kujiuliza kila mara ni moja: kuna mtu atakayedhulumika akijua kwamba ni mimi niliyeandika? Kama yupo, rudisha kazi.

Saba, jihadharini na wezi. Anayekutaka ulipe ada ndipo akupe kazi, huyo ni mwizi. Anayetaka "jaribio" la maneno 3,000 bila malipo, anajichukulia kazi ya bure. Anayetaka picha ya kitambulisho chako na neno la siri, mkimbie. Na upande wako pia uwe safi: chukua PIN ya KRA na uweke hesabu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliyataja malipo ya maudhui ya kidijitali na kuyawekea kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkaazi. Kitabu cha hesabu kitakusaidia kwa kodi na kwa zaka.

Mwisho kabisa, hiyo akili bandia. Itumie kutafuta makosa, kuuliza maswali, kupata mwanga wa mada. Lakini ukimwambia mteja "nimeandika" na hukuandika, tumerudi kwenye nafaka mbichi. Tena mashine hiyo haijaonja baridi ya Nyeri ya mwezi wa saba, wala haijakaa na mama muuza maandazi ikamuuliza unga umepanda kwa kiasi gani. Wewe unaweza. Toka nje ukaulize watu, uandike majibu yao kwa uaminifu. Hilo bado linalipiwa.

Ndugu msomaji, nakupa kazi ndogo. Kabla ya mwezi wa Shawwal kuandama, andika ukurasa mmoja juu ya jambo moja unalolijua kwa macho yako. Chini yake weka jina lako kamili, lile ulilopewa na wazazi wako. Kisha umpe mtu asome. Na nyinyi mnaowaandikia wengine, sikuambii uache leo ukalale njaa. Nasema kila wiki toa saa chache uandike chako mwenyewe, ili mlango ule ukifungwa uwe umeshafungua mwingine. Na viongozi wa chama chetu, nawaomba mtenge meza mbili na kompyuta mbili pale madrasa, jioni, vijana wasiokuwa na bando wapate pa kufanyia kazi.

Allah (s.w.t.) azikubali saumu zetu, azibariki riziki zetu, na atujaalie kalamu zitakazokuwa shahidi wa kheri kwetu siku tutakapoulizwa tulichuma nini na kwa njia gani.